Maelezo ya Dereva wa Saruji

Andika, sarkar. Jina: Bahador Khosravani.
Mzigo: saruji, mifuko mia tano.
Mwendo: andika ukweli, tisini na tano.
Mwezi: Ordibehesht, nyika ikijaribu kuota maua.
Mahali: mbele ya Abbasabad, penye bango la njano
lenye picha yake. Risasi imetoboa jicho.

Nilisikia kishindo nikadhani tairi.
Ningeendelea. Wengine huendelea.
Nikashuka na tochi, upepo wa chumvi kisogoni,
nikimwomba Mungu awe swala,
awe mbwa wa wachungaji,
hata ngamia wa mtu, ningelipa.

Alikuwa na mistari miwili, toka jichoni hadi mdomoni,
kama mwanamke aliyelia na wanja.
Mimi duma nilikuwa nimemwona mara moja tu,
kwenye jezi ya timu ya taifa.
Binti yangu Pouneh aliigusa akauliza, "Baba, yupo kweli?"
Nikamwambia yupo.

Alikuwa na maziwa, sarkar.
Andika na hilo.
Fomu haina mstari wake? Andika pembeni.
Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema;
na haya yalikuwa maziwa, kwenye lami.
Nilizima injini nikakaa juu ya jiwe mpaka ulipofika,
nikingoja kitu kidogo kitoke gizani kuja kunyonya.
Hakikutoka.

Faini nitalipa. Sibishani.
Lakini faini yangu itaingia droo gani?
Ofisini kwenu Shahrud nimeuona mchoro ukutani:
uzio kando ya barabara, taa,
na vivuko chini ya lami, apite mnyama bila kuniona.
Miaka minane nauona kila nikija kugonga karatasi.
Rangi imepauka. Mtu amefutia mkono wenye chai
pale palipochorwa kivuko cha tatu.

Unaniuliza alitafuta nini barabarani.
Muulize swala, ambaye duma humfuata.
Swala alifuata nyasi,
na nyasi za upande huu zimeliwa na mifugo hadi mzizi,
na chemchemi imetiwa bomba, inakwenda mgodini.
Kibali cha bomba kilichukua siku nne. Najua, saruji ya tangi niliibeba mimi.
Kwa hiyo yeye hakupotea.
Alikuwa kwenye njia ya bibi yake.
Aliyekatiza ni mimi, na aliyenipa njia ni nyinyi.

Tunakuita sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi.
Kichwa cha kazi!
Wewe ni mdogo, najua, una kalamu moja na baridi.
Basi wapelekee walio juu yako.
Waambie waliobaki wote wangeenea ndani ya tela langu
na nafasi ya saruji ikabaki.
Waambie chemchemi irudishiwe maji yake,
mbuzi wapishe nyasi ziote, wenye mbuzi walipwe,
kwa maana nao wana watoto.
Waambie sitaki sanamu yake mzungukoni mwa mji.

Nitie sahihi wapi?

*

Malori yetu huandikwa mashairi mgongoni:
mama, mapenzi, madeni.
Langu lilisema, *Niombee mama, Mashhad ni mbali.*
Nimelikwangua kwa kisu.
Nikaenda kwa Yadollah, mchoraji wa Sabzevar,
nikamsomea, naye akarudia taratibu akipima nafasi:

*Taa zangu hazioni, anayevuka na mwana;*
*Wenye mhuri mezani, wekeni uzio jana.*

Akashusha brashi.
"Jana? Hukukusudia kesho?"

Nyuma yetu barabara ilikuwa ikipita, lori baada ya lori.
Nikamwambia, "Paka rangi, Yadollah.
Na herufi ziwe kubwa,
zisomeke na mtu aliye ndani ya gari lenye pazia."