Nne, Kisha Saba

Dakika ya kwanza nilikupa nne.
Usinichukie. Ndivyo ulivyokuja:
nyayo za samawati,
mikono imelegea kama soksi kwenye kamba,
unadonoa hewa, unaiacha.
Nikashika kitovu kwa vidole viwili,
sekunde sita, mapigo tisa.
Tisini kwa dakika.
Moyo upo. Mwenyewe ndiye hajaamua.

Julai, Moshi, saa tisa usiku.
Mlima umejifungia ndani ya wingu,
ubaridi wake umeutuma kwetu
upite chini ya mlango.
Nikakukausha kwa kitenge cha kwanza,
kikalowa, nikakitupa, nikashika cha pili,
nikakusugua mgongo bila adabu
kama tunaofahamiana siku nyingi.
Nashipai, mwanafunzi wangu, alishika barakoa
akasahau kupumua.
"Pumua wewe," nikamwambia,
"huyu tutamsaidia."

Bonyeza. Acha, acha.
Bonyeza.
Kifua kikainuka kidogo,
kama chapati inapoanza kuvimba kikaangoni.
Kisha ukapiga chafya.
Chafya, wala si kilio!
Kilio kilifuata, na mkwaruzo wake,
na Nashipai akalia pia, akasingizia mafua.

Dakika ya tano: saba.
Nikaiandika, nikaikoleza.

Kidole changu cha mwisho kwenye kaakaa lako:
pamefunga vizuri. Ukaking'ang'ania.
Utosi laini, haukubonyea.
Uti wa mgongo, nyonga, vidole kumi,
nikavihesabu tena, maana mama ataniuliza.
Njia ya haja ipo,
umeithibitisha mwenyewe kiganjani mwangu,
nyeusi kama lami ya barabara ya Himo.
Mizani: gramu elfu moja mia saba arobaini.
Kilo mbili za sukari kwa Mangi, tena zilizopunjwa.
Kipimajoto: thelathini na tano nukta sita.

Hapo nikanyamaza.

Mama yako, Ndekirwa, alikuwa bado anashonwa.
Mashine ya joto ilikufa tangu Pasaka;
barua iliandikwa, barua ikajibiwa,
mashine haijaja.
Nikatoka kwenye korido. Baba yako, Anaeli,
fundi pancha wa Mbuyuni,
amekumbatia chupa ya mtori ambao hakuna wa kuunywa.

"Vua shati."
Akageuka nyuma, akidhani nasema na mwingine.
"Sista, mimi mwanamume."
"Joto halijui hilo."

Akanawa hadi viwikoni, mara tatu.
Grisi ya chini ya kucha niliisugua mwenyewe kwa brashi.
Nikakulaza kifuani pake kama chura,
kofia kichwani, shavu kwenye nywele zake,
nikawafunga pamoja kwa kitenge.
Akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho.
"Nifanye nini?"
"Sikiliza pumzi. Ikisimama, niite."
Akatabasamu kwa mara ya kwanza usiku ule.
"Hiyo naiweza. Kazi yangu ni kusikiliza upepo."

Kila nusu saa nikaja.
Thelathini na tano nukta tisa.
Thelathini na sita.
Na nukta mbili.
Katikati, kikombe kidogo cha dang'a kutoka kwa mama,
matone, njano kama kiini cha yai la kienyeji.
Ukameza. Ukakunja uso kama umetozwa kodi.

Saa kumi na mbili asubuhi,
thelathini na sita nukta saba.
Anaeli amelala, mdomo wazi,
kiganja chake kimeufunika mgongo wako wote,
kiraka kilichoshika, kisichovujisha.

Kwenye fomu, mbele ya "chanzo cha joto",
nikaandika: baba.
Nashipai akachungulia.
"Inaruhusiwa hiyo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu pumzi zako,
dakika nzima, bila njia ya mkato.
Hamsini na mbili.