Nyembe Kumi na Moja

Kopo la tende lililoandikwa Basra
lipo juu ya kabati, nyuma ya leso za Zaituni.
Ndani zimelala nyembe kumi na moja,
kila mmoja umevishwa kitambaa cha kanzu kuukuu
na kupakwa mafuta, maana chumvi ya Lamu
hula chuma kama mchwa, tena haina mwezi wa kufunga.

Zaituni huuliza: "Za nini hizi, Famau?
Kidevu kimoja, nyembe kumi na moja?"
Humwambia, sikia.
Naufungua ule wa kipini cha pembe, naufunga:
tiki.
"Nimesikia," asema. "Na bei nayo niliisikia."

Wa kwanza niliupata Malindi kwa muuza vyuma chakavu,
baina ya pasi ya makaa na kufuli zisizo funguo.
Kutu tupu. Aliupima kwa kilo, pamoja na misumari.
Wiki tatu nikausugua kwa jivu na mafuta ya taa
hata herufi tatu zikajitokeza shingoni: G, E, N.
Mji gani, fundi nani, shavu la nani,
chuma hakikusema zaidi.
Tangu hapo mimi ndiye yule mtoto
aliyelilia wembe akapewa,
ukamkata,
akalilia mwingine.

Si ukale wake unaonivuta.
Nyembe za siku hizi unanyolea Ijumaa,
Jumamosi unaikanyaga jalalani.
Huu ulipochoka ulinolewa.
Upana wa kidole umebaki upana wa ukucha,
na kilichopungua kilibaki juu ya jiwe na ngozi,
asubuhi baada ya asubuhi,
mtu akingoja na povu usoni.

Na hofu pia, nikiri.
Ukiulaza kwenye koo lako mwenyewe
huwezi kuwaza deni la duka,
huwezi kuwaza lolote.
Dakika kumi za namna hiyo, nani mwingine anakupa?

Basi mwaka jana, Mfungo Saba, stima ikakatika Langoni nzima.
Kibandani kwa Aboud kinyozi ameketi bwana harusi,
nusu uso kitunguu kilichomenywa, nusu kichaka,
mashine imemfia chini ya sikio la kushoto,
na wapambe mlangoni wanatazamana.
Kitoto kikatumwa mbio kwangu:
"Umeambiwa uje na kopo."

Sijapata kumnyoa mtu.
Mzee Lali, babake Aboud, alikuwa kwenye kiti cha pembeni;
siku hizi chai yake hutiwa nusu kikombe isimwagike.
Akaniamuru nimpe mmoja mmoja,
akiujaribu kwenye ukucha wa gumba.
"Huu umechoka. Huu wa kutazamwa. Huu nani kakunolea, adui yako?"
Akafika kwa ule wa Malindi, wa kupimwa na misumari.
Akanyamaza.
"Huu bado una hamu."

Mkono wangu, macho yake.
"Ulaze. Vuta ngozi. Usikandamize,
uzito wake unajua njia."
Kwaru.
Kwaru.
Povu likashuka na nywele zake,
wapambe wakasahau saa,
nami nikasikia sauti ambayo kopo
halikuwahi kunipa miaka yote ile.

Nilimkata, kidogo, chini ya taya.
Aboud akapaka shabu. Bwana harusi akajitazama kiooni:
"Nitamwambia ni paka."
Hakuna mtaa wa Lamu ambao ungekataa ushahidi huo.

Usiku nikazifuta, nikazipaka mafuta.
Kumi zikarudi koponi.
Wa Malindi uko kando ya beseni.
Zaituni ameusogeza mara mbili kupisha mswaki wake,
hakusema neno.
Juzi nilikuwa nje nafunga viatu,
nikasikia kutoka bafuni,
polepole, kama mtu anayeiba:
tiki.
Kisha tena.