Sampuli ya Ishirini na Tatu

Saa nne za usiku, Nizwa. Kiyoyozi kinakoroma,
chupa inatokota, na mvuke wa zaatari
unapanda shingo ya kioo, unapoa, unateremka
ukiwa vitu viwili: maji, na juu ya maji
utando wa mafuta mwembamba kama ukope.

Tumekeneka mafungu arubaini.
Mengine ya Saiki, penye mawe ya baridi,
mengine ya Wadi Bani Habib, chini ya mikomamanga iliyokauka,
na mengine tuliyanunua sokoni kwa mama mmoja
aliyetutazama tukiandika nambari kwenye mifuko yake,
akauliza: kwani hayana jina?

Yanalo, na hilo ndilo tatizo. Jina moja, mimea mingi.
Jani hili na lile machoni ni pacha,
unyoya kwa unyoya, ua kwa ua.
Lakini tia tone katika mashine, ngoja dakika hamsini,
karatasi itakuchorea milima:
huu una kilele kimoja cha thimoli, kirefu, kipweke,
kama mnara juu ya mitende;
ule umejaa karvakroli, ile inayochoma ulimi
na kukutoa machozi bila msiba.

Daktari Shinuna haamini pua.
"Pua ina mapenzi," husema. "Pua inakumbuka."
Basi tunaipa kompyuta asilimia,
nayo inachora mti usio na jani wala mzizi,
matawi matupu, nambari kwenye ncha:
nani ndugu ya nani, na wapi walipoachana.

Thelathini na tisa zikakaa kwa nasaba zao.
Ya ishirini na tatu ikajitenga
pembeni kabisa mwa ukurasa,
tawi lake limenyooka
kama mkono wa mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka.
Linaloli. Chavikoli. Thimoli hata chembe.

"Kasoro," akasema Daktari,
akaizungushia wino mwekundu. "Itoe."

Mimi nilikuwa nimeshanusa.
Rehani.
Rehani ya uani, ya vikuba vya harusi.
Nani aliipandisha jabali, mita elfu mbili,
akaiingiza kati ya watu wa mawe?

Asubuhi nikamuuliza Sarhani, dereva wetu,
aliyetushikia mifuko siku ile tukikata.
Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Alfajiri alipitia Birkat-l-Mauz,
akachuma kishada kimoja kutoka kopo la maziwa
ambamo dada yake hupandia,
ampelekee mama yao, makaburini Saiki.
Jua lilikuwa kali. Akakitia katika mfuko wetu mtupu
kisinyauke. Alipogeuka
mfuko ulikuwa na nambari.

"Nilikitafuta gari zima," akasema,
"hata chini ya viti. Nikaenda mikono mitupu."
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyefika hospitali amechelewa:
"Mlikichoma?"

"Hatukukichoma. Tulikichemsha. Saa tatu."

Akatikisa kichwa, kama vile hilo ni afadhali.

Kanuni zetu zimebandikwa mlangoni:
mafuta yaliyoingia katika hesabu hutunzwa miaka miwili,
kasoro humwagwa, pipa la manjano.
Nikafungua friji. Kichupa kilikuwa nyuma ya vingine,
nambari imeanza kufutika kwa ubaridi,
na ndani yake, matone matatu, labda manne,
rangi ya chai aliyoisahau mgonjwa.
Nikakifunga kwa pamba. Nikakitia katika kiganja chake.
Hakukinusa mbele yangu.

Jioni kompyuta ikachora mti upya.
Ulikaa vizuri sana. Daktari akafurahi.

Nami katika daftari nikaandika:
Na. 23. Imemwagwa.
Safu ya *wapi* nikaiacha wazi.