Mwaka Nyumba Ilipojila

Baba Mukalay, leo nimekuona
kwa jicho moja, la pili nimelifumba.
Umelala kati ya vioo viwili,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
umepakwa zambarau na waridi.
Jina hukuwa nalo. Namba tu, mia nne na saba,
na pembeni mwandiko wangu,
ule ulioninyooshea kwa rula.

Unaukumbuka mwaka kampuni ilipoacha kulipa?
Bomba lilisimama juu ya Lubumbashi bila moshi,
kidole kilichosahau kinamwonyesha nani.
Hapo Katuba nyumba ikaanza kujila.
Kwanza takataka: baiskeli isiyo na mnyororo,
sufuria zilizotoboka, redio bubu.
Ulivipima, ukaviuza, tukapata bukari.
Mama akasema: afadhali, sasa panapitika.
Panya wakakosa pa kuzalia.

Ndivyo ifanyavyo chembe yenye afya.
Hukunja utando kuzunguka makombo yake,
protini zilizopinda,
vinu vichakavu vya nguvu vinavyorusha cheche,
ikavitia katika tumbo lake dogo lenye asidi,
na uchafu ukarudi mezani.
Miaka mingi usafi huo ulikulinda, baba.
Cheche isiyozolewa huunguza maandishi ya ndani,
na saratani huanza kwa herufi.

Lakini njaa ilipozidi, tulikula kabati.
Kisha mlango wa chumba chetu; tukalala nyuma ya shuka.
Nyumba haikuanguka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Ilijila ikasimama, ikajila ikasimama.
Na uvimbe huu ndani ya kongosho lako,
mahali damu haifiki vizuri,
umejifunza ufundi wako.

Utauliza: na sentineli walikuwa wapi?
Wapo. Nawaona, vitone vya buluu iliyoiva,
wamejaa ukingoni kama vijana kwenye kizuizi usiku.
Sheria yao ni moja: kila chembe inyanyue mlangoni
kipande cha kilichomo ndani yake.
Hii imeitafuna kadi yake ya mchaguzi.
Imeiyeyusha, imekula picha na jina.
Askari anamulika, haoni wa kumkamata, anapita.
Wengine wamechoka tu, silaha chini.
Na wale walaji wakubwa, waliotumwa kuzoa mizoga,
wamekaribishwa chai, wamekaa,
sasa wanamshikia mwizi ngazi.

Kapend, aliyelinda ghala la shaba,
alifanya vivyo hivyo mwezi wa tisa bila mshahara.
Hukumlaani. Ulisema:
mtu akinyimwa ujira huwa mlango.

Daktari Nkulu anasema iko dawa
ya kuliziba lile tumbo dogo,
ndugu wa kidonge cha malaria cha zamani,
kile kichungu tulichokitema nyuma ya mlango
siku ambazo mlango ulikuwepo.
Wanaijaribu huko mbali. Bado wanabishana.
Maana askari nao hujila ili waishi:
ukimfungia mwizi jiko,
mlinzi naye analala njaa.

Ripoti nitaiandika kwa Kifaransa, mistari mitatu.
Haitakuwa na kabati ndani yake.

Kisha nitapanda Katuba kwa miguu, polepole,
nitakukuta umekaa juu ya ndoo
ukinyoosha misumari ya kale kwa jiwe,
mmoja mmoja, ukiupuliza kutu,
ukisema bado inafaa.
Hutaniuliza nimeona nini.
Nitaokota mmoja uliopinda vibaya,
nikuulize huu ulitoka mlango gani.