Maji ya Mfereji wa Nyuma

Nimeandika ubaoni, Madungu, saa nne asubuhi:
nishati haizaliwi, nishati haifi,
hubadili nguo tu.
Chaki ikakatika.
Dawati la nyuma, Mkasi binti Khatibu
akanyoosha mkono usio na haraka:
"Basi, mwalimu, mbona kuni zikiisha tunanunua tena?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Nilikuwa nimeshaishika njia ya Wawi,
nimeshafika kwenye banda la tanuri,
baba yangu, Faki Shaame, shati kalitundika msumarini,
analilisha dubwana la chuma
magogo ya mikarafuu iliyokufa.

Usiku mmoja aliyahesabu: mia na arobaini.
Kila gogo alilinyanyua yeye, kutoka chini hadi kinywani mwa moto,
na kila gogo lilimdai
muhogo wa nazi wa mchana, kipande cha ng'onda,
chai ya rangi.
Kazi, nawaambia wanafunzi, ni kani mara umbali.
Baba angesema kazi ni mgongo mara magogo.
Majibu yetu hayapishani sana.

Maji yalichemka, mvuke ukajazana,
ukakosa pa kukaa, ukapenya
kwenye makonyo yaliyoshindiliwa pipani,
ukayabembeleza hadi yakatoa siri,
ukakimbia nayo ndani ya bomba lililojikunja kama utumbo
katikati ya tangi la maji baridi.
Hapo ukazimia, ukawa maji tena.
Na mafuta (hili watu wa mjini hawaliamini)
mafuta ya makonyo hayaelei.
Yanazama, ya manjano, mazito,
chini ya chupa,
kama deni.

"Tia mia motoni," akisema baba,
"chupani utaona kumi. Tisini katafute mwenyewe."
Nimezitafuta miaka mingi, kwa kalamu.
Nyingine zilitokea dohani.
Nyingine zilibaki ukutani, paka wakalala hapo hadi kunakucha.
Nyingine alikuja nazo nyumbani kiganjani,
akanibandika shavuni nikiwa usingizini,
nami, niliyekuwa na baridi, nikazipokea,
kwani joto lenyewe halijui kupanda, hushuka tu,
kutoka kwa aliyenalo kwenda kwa asiyekuwa nalo.
Laiti mali ingeifuata kanuni hiyo.

Na harufu? Harufu ilitoka Wawi ikaingia Chake,
ikaingia kangani, kwenye mikeka ya msikiti, kwenye unga,
na hakuna aliyewahi kuiita ikarudi pipani.
Kutawanyika ni bure.
Kukusanya ndiko kunakokula kuni.

Hilo ndilo jibu lako, Mkasi, na ndilo la mtihani.
Lakini sikumpa hilo. Nilimpa mfereji.

Nyuma ya kiwanda maji ya kupoozea yalitoka vuguvugu,
yakenda zake kwenye majimbi.
Mhandisi aliyaandika daftarini kwa wino mwekundu: hasara.
Mama alikuwa akiyawahi kabla ya adhana, ndoo mbili,
yeye na Bi Mwanakombo na wengine ambao sura zao zimenipotea,
na kipupwe chote, watoto wa mtaa ule
tulioga hasara.

Bomba nalo lilikuwa likivuja kidogo.
Tulikwenda skuli tunanukia.