Konzi

Kwetu Lunglei, kabla chungu hakijapanda motoni,
mwanamke huchota konzi moja ya mchele
na kuiweka kando, fungu la kanisa.
Mama alifanya hivyo. Bibi naye, hata mwaka wa njaa,
konzi yake ikiwa nyembamba kama ya mtoto.

Mimi niliacha.
Mwezi wa Juni kilima kiliporomokea machimbo ya mawe
na Ruata wangu alikuwa chini,
na wali niliomfungia kwenye jani la mgomba.
Siku ya nne wakaniletea nyundo yake.

Vijana walikuja na ngoma,
wakaimba sebuleni kwangu usiku kucha
kama ilivyo desturi kwa nyumba iliyofiwa.
Niliwapa chai. Nikahesabu mbao za dari.
Nikasema moyoni: Bwana, wewe na mimi
hatudaiani tena. Nyimbo chukua. Mchele ni wangu.

Bi Zodini, mkusanyaji, mguu mmoja mfupi,
kila Jumamosi alipanda ngazi zangu sabini na mbili,
mfuko wa kitambaa begani.
"Mama Ruata, kuna kitu?"
"Hakuna."
"Haya." Akaketi, akatafuna tambuu,
akauliza paa linavuja wapi.
Hakunihubiria. Hakusema
yuko mahali pema. Alishuka polepole,
mfuko umepungua konzi yangu.

Wiki kumi na tisa.

Kisha jioni moja umeme ukakatika, nikapika gizani.
Mkono ukaingia debeni, ukajaa,
ukaenda kando wenyewe,
kama kuku ajuaye tundu lake jua likizama.
Nikasikia punje zinagonga kopo.
Nililia mpaka maji ya chungu yakakauka.

Jumamosi Zodini aliupima mfuko kwa kiganja,
akanyamaza,
kisha akalia yeye, mtu mzima, tambuu mdomoni.

Sijapona kama watu wanavyodhani kupona.
Mvua ikianza usiku, bado naketi kitandani.
Lakini nimekuambia, Bwana, kwa mdomo huu uliokususa:
konzi niliyotaka kukupiga nayo
na konzi ninayokutolea
ni mkono uleule. Wewe uliujua. Ulingoja.

Kesho ni Jumamosi.
Nimepigilia mwanzi wa kushikilia kando ya ngazi,
kwa ajili ya mguu wa Zodini,
kwa nyundo ya Ruata.
Msumari wa tatu umepinda. Nimeuacha.