Kuingia Kingi

Kati ya cherehani yangu na nguzo ya umeme, Kiborloni,
kuna benchi ambalo sikuliweka mimi.
Liliota tu.
Asubuhi moja niliwakuta wamelikalia,
plaiwudi mapajani, miraba imepakwa rangi ya viatu,
vizibo kumi na viwili kifudifudi,
kumi na viwili chali.

Mchezo nausikia, siuoni;
nimeupa mgongo, macho yapo kwenye sindano.
Drafti nimeisoma kwa masikio:
tak, mtu kasogea.
Tak-tak-tak, mtu kaliwa tatu.
Na kikipita kimya kirefu, halafu Ndelilio
apige kelele hadi kwa wauza ndizi, "Kingi! Nivike!"
najua kizibo chake kimefika mstari wa mwisho,
kimebebeshwa kizibo cha pili mgongoni,
na sasa kitakwenda kipendavyo, kona hadi kona.

Mwanzoni maana yake ilikuwa hiyo, na ilikuwa sifa.

Lakini neno ni kama mtumba:
linashuka sokoni koti la mzungu,
linatoka kwangu sketi ya shule.

Aliyelikata upya ni Mbonea, muuza spea za baiskeli,
mtu asiyekimbilia kingi.
Yeye anakuachia njia.
Anakutolea kimoja, unakula.
Anakutolea cha pili, unakula.
Unafika, unavikwa, unacheka kwa meno yote,
halafu tak-tak-tak-tak,
na ufalme wako uko mfukoni mwa shati lake.
"Umeingia kingi," anasema,
polepole, kama anayetoa pole.

Neno likavuka barabara.
Mama Elinami alifungua belo alilolinunua kwa mkopo wa kikoba:
juu magauni ya hariri, chini
sweta zilizotafunwa na panya, soksi za mguu mmoja.
Akakaa juu ya lile rundo. "Jamani, nimeingia kingi."
Hajawahi kugusa kizibo, huyo.
Shemeji yangu naye, na kiwanja chake cha Njiapanda
chenye risiti moja na wenyewe watatu.
Hata mwanangu Nakijwa, miaka saba,
kaonja uji, kanikazia macho:
"Mama, hauna sukari. Umeniingiza kingi."

Nilicheka. Kisha nikashindwa kupitisha uzi tunduni,
maana nilikumbuka siku niliyovikwa mimi,
shela jeupe, vigelegele vya Pasua nzima,
na yule aliyenitolea kitenge cha kwanza, nikapokea,
cha pili, nikapokea.
Yaliyofuata ni tak-tak-tak.
Siyasimulii.

Jumanne moja ya mvua, wateja hakuna,
niligeuza kiti nikakaa mbele ya Mbonea.
Tulicheza hadi chai ikapoa.
Akanitolea kizibo.
Niliuona mtego wote, mpaka kule mwisho wake,
nikarudisha mkono.

"Lazima ule," akasema.
"Sitaki."
"Mama Nakijwa, drafti haina sitaki.
Ukipewa, unakula."

Nikala. Nikaingia. Nikaliwa.

Kumbe neno lilipovuka barabara
liliisahau sheria yake benchini.
Huku ng'ambo tunamcheka aliyeingia
kana kwamba aliachiwa mlango mwingine.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Elinami,
nikachukua sweta sita, zile zile za panya.
Vifua vilikuwa matundu, lakini mikono mizima.
Nikaikata, nikashona kofia za watoto,
mwezi wa saba Kibosho kuna baridi, zitauzika.
Ya kwanza nilimjaribishia Nakijwa.
Ikamshuka hadi puani.

"Mama," akasema humo ndani gizani,
"nivike vizuri."